Unataka kuijua historia ya WNBA? Anza na Houston Comets

Wengi siku hizi wameijua WNBA, ligi ya kikapu ya wanawake ya Marekani, kupitia Caitlin Clark, mchezaji aliyeingia 2024, na wala sio vibaya, ila ukianzia 2024 utadhani ligi imezaliwa juzi. Mechi ya kwanza kabisa ilipigwa 21 Juni 1997 kule Inglewood, California, New York Liberty wakawafunga Los Angeles Sparks 67-57, na ligi nzima ilikuwa na timu 8 tu.

Kwanza chukua karatasi uchore ukoo wa timu, hapa ndo watu wanapotelea. Ukikuta Utah Starzz usidhani ilikufa, ilihamia San Antonio 2003, halafu 2018 ikaenda Las Vegas, ndo hawa hawa Aces waliobeba ubingwa 2022, 2023 na 2025. Detroit Shock nao walienda Tulsa kisha Dallas, leo wanaitwa Wings. Bila huo mchoro utaihesabu timu moja mara tatu. Zilizovunjwa moja kwa moja, kama Cleveland Rockers na Sacramento Monarchs, zipigie msalaba.

Houston Comets nao walivunjwa ila hao kaa nao sana, tafadhali. Ubingwa mara 4 mfululizo, 1997 mpaka 2000, na Cynthia Cooper, Tina Thompson na Sheryl Swoopes, huyu Swoopes alijifungua Juni 1997 na wiki 6 baadae yuko uwanjani! Mwisho wa 2008 akakosekana mtu wa kuinunua timu, ikafa, na mpaka leo inaniuma.

Tafuta mechi ya pili ya fainali ya 1999 na uiangalie yote, usiishie kwenye kile kipande cha mwisho. Comets walikuwa wametoka kumzika mwenzao Kim Perrot, kansa ilimchukua Agosti ile ile. Zimebaki sekunde 2.4, Houston wanaongoza 67-65 kwao, vikaratasi vya kushangilia vimeshaanza kudondoka, Teresa Weatherspoon wa Liberty anapewa mpira anaurusha akiwa nyuma ya mstari wa katikati, ukagonga ubao ukaingia. 68-67. Angalia ukumbi ulivyonyamaza. Kesho yake Comets wakashinda na kombe wakabeba, Liberty wakaja kupata la kwanza 2024, hebu fikiria miaka yote hiyo.

Ukifika kwenye takwimu usilinganishe jumla ya pointi za msimu. 1997 kila timu ilicheza mechi 28, 2025 ni 44, kwahiyo tumia wastani wa kila mechi. Na mpaka 2005 walicheza vipindi viwili vya dakika 20, robo nne za dakika 10 zimeanza 2006 pamoja na sekunde 24 za kushambulia badala ya 30.

Ukishachoka na namba mfuate mchezaji mmoja tu mwanzo mwisho. Mimi nakuchagulia Mwadi Mabika, dada yetu mzaliwa wa Kinshasa: aliingia Sparks msimu ule wa kwanza 1997, akabeba ubingwa 2001 na 2002 akiwa na Lisa Leslie, na 2008 akahamia Houston kucheza na Comets msimu wao wa mwisho.