Jinsi ya kukadiria umbali na muda wa ndege kati ya miji miwili

Kazi yangu ni kupanga safari za watu, na swali linalonijia kila siku ni "mpaka kule ni saa ngapi?" Hivi ndivyo ninavyolijibu kwa kikokotoo cha simu, tukichukua London na New York.

Hatua ya 1: Latitudo na longitudo. Shikilia kidole kwenye mji katika ramani ya simu, namba zitatokea. London: 51.5 kaskazini, 0.1 magharibi. New York: 40.7 kaskazini, 74.0 magharibi.

Hatua ya 2: Umbali. Weka rula pembeni. Dunia ni tufe, na njia fupi juu ya tufe ni tao. Ndiyo maana ndege ya London kwenda New York huanza kwa kuelekea kaskazini kidogo, ilhali New York iko kusini zaidi. Tunatafuta pembe kati ya miji hiyo miwili, ikipimwa kutoka katikati ya dunia:

cos(pembe) = sin 51.5 × sin 40.7 + cos 51.5 × cos 40.7 × cos 73.9

Hiyo 73.9 ni tofauti ya longitudo. Mji ukiwa kusini mwa ikweta, latitudo yake iwe hasi. Hapa tunapata 0.510 + 0.131 = 0.641, na pembe yake (bonyeza cos⁻¹) ni digrii 50.1. Kila digrii ni takriban km 111.2, kwa hiyo umbali ni kama km 5,570. Ukipata jibu la kichekesho, kikokotoo kinasoma kwa radiani, kipimo kingine cha pembe; kirudishe kwenye digrii.

Hatua ya 3: Muda bila upepo. Jeti kubwa hukata kama km 900 kwa saa. 5,570 ÷ 900 = 6.19. Hapo wengi huandika saa 6 na dakika 19. Sivyo: 0.19 × 60 ni dakika 11. Ongeza nusu saa ya kupaa na kushuka, inakuwa saa 6 na dakika 41.

Hatua ya 4: Upepo. Juu ya Atlantiki ya kaskazini upepo mkali huvuma kutoka magharibi. Chukua wastani wa km 100 kwa saa. Kwenda London unasukumwa: gawa kwa 1,000, ongeza nusu saa, utapata kama saa 6 na dakika 4. Kurudi New York upepo ni wa omo, unakupinga: gawa kwa 800, inafika saa 7 na dakika 28. Februari 2020, wakati wa dhoruba, ndege moja ya abiria ilitoka New York ikatua London kwa saa 4 na dakika 56.

Hatua ya 5: Saa za tiketi. Tiketi huandika saa za kila mji. Ukiona kuondoka London 11:00 (saa tano asubuhi) na kufika New York 14:00 (saa nane mchana), usiseme saa tatu. Ongeza tano za tofauti, zinakuwa nane. Zile zinazozidi hesabu yetu ni za foleni na kutambaa uwanjani.

Ila tofauti hiyo si tano siku zote. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza Jumapili ya mwisho, na katikati hapo tofauti ni nne. Nililisahau hilo mara moja: mteja wangu alitua London akamsubiri dereva saa nzima, kwa hesabu yangu mwenyewe. Siku hizi nageuza kwanza saa zote mbili kuwa UTC, ile saa ya pamoja ya dunia nzima, kisha ndiyo natoa.