Kuzoesha sikio kusoma Morse: achana na nukta, sikiliza mlio

Kama ulishafungua ile chati ya Morse (mfumo wa kutuma herufi kwa milio mifupi na mirefu) yenye A mpaka Z na vinukta na vistari vyake ukaanza kukariri, naomba uifunge kwanza. Chati inamfaa anayetaka kuandika Morse kwenye karatasi, ila wewe unataka kuisikia, na ukishakariri kwa macho basi kila herufi ikilia kichwa kinaanza kuhesabu milio, kinaipanga kuwa picha, halafu kinaenda kuitafuta hiyo picha kwenye chati, na wakati kinahangaika huko herufi nyingine mbili zimeshapita. Ndo maana watu wengi wanakwama kwenye spidi ya maneno kama 10 kwa dakika na hawapandi tena, si kwamba vichwa vyao vizito, ni njia tu waliyoanzia.

Mlio mfupi uite di, mrefu uite daa. Daa moja ina urefu wa di tatu. Ndani ya herufi kati ya mlio na mlio kuna kimya cha di moja, kati ya herufi na herufi di tatu, kati ya neno na neno di saba. Hesabu imeishia hapo. K ni daa-di-daa, M ni daa-daa, zitamke kwa mdomo hivyo hivyo usiandike popote.

Sasa spidi, na hapa nasisitiza kabisa manake hapa ndo kila kitu kinaamuliwa. Mtu anaona bora aanze polepole, maneno 5 kwa dakika, akizoea atapanda. Inaonekana ni busara lakini angalia kinachotokea. Spidi ya Morse hupimwa kwa neno PARIS, ambalo pamoja na kimya cha mwisho linachukua urefu wa di 50, kwa hiyo ukiwa kwenye maneno 20 kwa dakika di moja ni milisekunde 60. Ukishuka mpaka 5 di inakuwa milisekunde 240, na Q peke yake (daa-daa-di-daa) inachukua zaidi ya sekunde 3, yaani hapo hata usipotaka utahesabu tu. Kwenye 20 hiyo hiyo Q inaisha kabla sekunde moja haijafika, huna nafasi ya kuhesabu, unabaki na umbo zima la mlio, na unaanza kuitambua Q kama unavyomtambua mtu kwenye simu kabla hajajitaja.

Kwa hiyo weka herufi zenyewe zilie kwa spidi ya 20, alafu urefushe kimya kati ya herufi na herufi ili jumla iwe kama maneno 8 kwa dakika, upate muda wa kuandika. Njia hii inaitwa Farnsworth na karibu kila programu ya kujifunzia Morse inayo. Ukizoea unapunguza kimya, herufi huzigusi kamwe.

Herufi nazo usizianze zote. Kuna Mjerumani anaitwa Ludwig Koch, mwanasaikolojia, miaka ya 1930 alikuja na utaratibu wa kuanza na herufi mbili tu kwa spidi kamili, ukipata asilimia 90 unaongeza moja, ukipata tena 90 unaongeza nyingine, hivyo hivyo mpaka mwisho. Tovuti ya LCWO ni ya bure na inafuata utaratibu huo, inaanza na K na M halafu U, R, E, S, N, A. Ukifika hapo kwenye A unaweza kujitengenezea mazoezi ya Kiswahili kabisa, kuku, umeme, mke, sana, nusu, nane, kasuku, mkeka, karne, zote hizo zimo kwenye herufi nane za mwanzo! Ziweke kwenye programu yoyote inayogeuza maandishi kuwa Morse. Ila usisikilize maneno matupu, changanya na makundi ya herufi tano tano zisizo na maana, manake kwenye neno halisi ukishasikia KASUK kichwa kinamalizia chenyewe na sikio linalala.

Ukikosa herufi chora kistari kidogo, endelea. Usirudi nyuma kuitafuta!! Herufi moja uliyoikosa ni hasara ndogo, ukiikimbiza unapoteza tatu zinazofuata na presha inapanda bure.

Kuna ndugu watakaokusumbua kwa muda mrefu: S, H na 5 (di tatu, nne, tano), U na V na 4, B na 6, J na 1. Kwa hawa wengi hupunguza spidi, mi nasema ongeza. Tengeneza zoezi lenye hao wanaofanana tu, weka 25, usikilize urefu wa mlio mzima badala ya idadi ya vidi ndani yake. S inakatika mapema, H inavuta kidogo, 5 unaona kabisa inachelewa kuisha. Siku mbili tatu za kwanza utakosea ovyo, alafu sikio linaanza kutenganisha lenyewe.

Muda, dakika 15 asubuhi na 15 jioni zinashinda masaa mawili ya Jumapili. Ukichoka acha, sikio lililochoka linarudi kwenye kuhesabu.

Ukishapata herufi zote na namba nenda kwenye redio halisi, usingoje uwe fundi. Huna redio? Chuo Kikuu cha Twente kule Uholanzi wana WebSDR, redio unayoizungusha kwa intaneti bila kulipa, chagua CW (ndo Morse inavyoitwa kwenye redio) halafu tembeza kati ya 7.000 na 7.040 MHz. Watu wa redio za ridhaa wapo hapo na mazungumzo yao yana mpangilio uleule: CQ ni kuita yeyote, DE kisha alama ya kituo chake, ripoti ya 599 (yaani nakusikia vizuri) ambayo wanaifupisha 5NN, jina, mahali, na 73 ya kuagana. Mwanzoni shika CQ na alama ya kituo tu, mengine yaache yapite. Pia jaribu 14.100 MHz, kuna mtandao wa vituo 18 vya dunia nzima vinavyopokezana, kila kimoja sekunde 10, kinataja alama yake kwa spidi ya maneno 22 na mzunguko unarudi kila dakika 3, kwa hiyo ukikosa alama leo unaisubiri irudi.

Na kalamu usiizoee sana. Ukifika maneno 15 hivi kwa dakika anza kusikiliza maneno mafupi huku mikono imetulia, neno likiisha ndo uliseme kwa sauti. CQ, DE na 73 zitakuja kama neno zima kabla ya nyingine zote, kutoka hapo ongeza majina ya watu, majina ya miji, mpaka sentensi fupi.