Maabara ya habari ikiwa ya wote: mambo ya kupanga kabla muhula haujaanza

Chuo kikiwa na maabara moja ya utafiti wa habari, na wanaoitaka ni walimu, watafiti na wanafunzi wa vitendo, msisubiri ugomvi ndiyo mpange.

Ratiba ibandikwe mlangoni. Ufunguo ukae kwa mtu mmoja. Anayeazima kamera asaini, na anaporudisha ikaguliwe akiwa bado amesimama hapo: lenzi, betri, chaja, waya. Kompyuta ya kuhariria iwe na UPS, ile betri ya kuishikilia umeme ukikatika.

Sasa kadi za kumbukumbu. Hapa nisikilizeni vizuri. Kuna chuo hapa Tabora ambako kadi zilikaa kwenye droo moja, hazina namba, kila mtu anajichukulia. Mwanafunzi mmoja alikwenda Kwihara kuwahoji wazee kwa Kinyamwezi. Akarudi Ijumaa jioni, kompyuta zote zina watu, akaiacha kadi kwenye droo ili ahamishe kazi Jumatatu. Jumamosi kikundi kingine kikaibeba kwenda kurekodi mahafali, kikaifomati. Kufomati peke yake mara nyingi hufuta tu orodha ya mafaili, na zipo programu za kuyarudisha. Kinachoyamaliza ni kurekodi juu yake. Video ya megabiti 50 kwa sekunde hula zaidi ya GB 22 kwa saa. Mahafali yaliijaza kadi ile ya GB 64 yote. Binti wa watu akarudi kwa wazee kuomba waanze upya. Wengine walimkatalia, na haki yao: walishasema.

Kwa hiyo kadi ipewe namba na isainiwe kama kamera. Aliyerekodi ahamishe kazi yake siku hiyohiyo, aiweke kwenye diski mbili tofauti, afungue faili aone linacheza mpaka mwisho. Ndipo mtunza vifaa aifomati kadi, yeye tu. Kompyuta moja iachwe kwa kuhamishia kazi, asihariri mtu hapo hata kama ni mhadhiri.

Kila mtumiaji awe na akaunti yake na atoke akimaliza. Mahojiano ya watu yasizagae kwenye kompyuta ya wote. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kiangazi madirisha yafungwe, vumbi la Tabora mnalijua. Chai inywewe nje. Flashi ya mgeni ikaguliwe virusi kwanza, hata akisema anachapisha ukurasa mmoja tu.