King'ora cha Jumatano: kuishi na vichochezi vya kiwewe ugenini, na kumpata mtaalamu anayekufaa

Kwenye jengo la kwanza nililopanga huku, kila Jumatano saa nne asubuhi walikuwa wanajaribu king'ora cha moto. Sekunde kumi tu. Majirani hawakugeuka hata kichwa. Mimi nilijikuta nimechutama nyuma ya kitanda, viganja vinatiririka jasho, na nusu saa nzima sikuweza kufungua mlango. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba nilikuwa najua. Tangazo lilibandikwa kwenye lifti, nimelisoma mwenyewe.

Hicho ndicho kichochezi: kitu kidogo kinachoamsha hofu ya zamani. Kinaweza kuwa sauti, harufu, tarehe fulani ya mwaka, au mtu kukusogelea mno kwa nyuma kwenye foleni. Ubongoni kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala, ambayo kazi yake ni kupiga mbiu ya hatari, nayo haingoji maelezo. Kumbukumbu ya kiwewe, yaani ya jambo la kutisha lililokuumiza moyo, nayo hukaa kama faili lisiloandikwa tarehe, ndiyo maana mwili unaitikia kana kwamba jambo linatokea sasa hivi. Wahenga walishalisema hili bila kusomea saikolojia: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Basi acha kujilaumu kwamba umerukwa na akili au imani yako haba.

Anza na daftari. Kwa wiki mbili, kila ukishtuka andika saa, mahali, mwili ulifanya nini, na zaidi ya yote uliona, ulisikia au ulinusa nini dakika moja kabla. Dakika hiyo ndiyo yenye siri. Rafiki yangu mmoja aliamini kabisa kwamba haziwezi treni. Daftari likaonyesha treni hazina kosa. Shida ilikuwa sare ya mkaguzi wa tiketi.

Ukishikwa, usifumbe macho. Watu hupenda kushauri "fumba macho, vuta pumzi", lakini kwa wengi wetu gizani ndiko picha ziliko. Kanyaga sakafu, toa pumzi taratibu kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, kisha sema kwa sauti uko mji gani, ni siku gani, mwaka gani. Halafu tafuta tofauti. Akili yenyewe imeshaona vinavyofanana, kazi yako ni kuionyesha visivyofanana. Mimi nilikuwa nasema hivi: kule king'ora kilifuatwa na mayowe, hapa kimefuatwa na kimya. Kule nilikuwa pekupeku, hapa nimevaa soksi. Kule mlango ulifungwa kwa nje, hapa ufunguo uko mfukoni mwangu. Na ufunguo wenyewe naushika.

Kuepuka kunadanganya. Leo unabadili njia, mwezi ujao unaacha kupanda basi, mwakani hutoki ndani, na kila ulichokiepuka kimezidi kuota mapembe. Pombe ni hivyo hivyo, ila inaharibu na usingizi.

Dalili zikipita mwezi mmoja bila kupungua, tafuta tiba. Hapa ndipo wengi tunapotea, kwa sababu tunakwenda kwa daktari na lugha ya mwili: kichwa kinagonga, silali, moyo unakwenda mbio. Naye anatibu kichwa. Ongeza sentensi moja tu: "Haya yalianza baada ya jambo baya lililonipata." Si lazima usimulie jambo lenyewe siku hiyo, wala asikulazimishe.

Kisha jua unachoomba. Mazungumzo ya kupoza moyo yana faida yake, lakini kiwewe kina tiba zake mahususi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013, lilitaja mbili: tiba ya utambuzi na tabia inayolenga kiwewe, yaani ya kuchunguza na kubadili mawazo na mazoea yaliyotokana na jambo hilo, na EMDR, ambayo mtaalamu anakuongoza kusogeza macho huku na huko wakati umeishika kumbukumbu akilini. Ya tatu ni NET, tiba ya usimulizi. Mnapanga maisha yako yote kwa mfuatano, mara nyingi kwa kamba iliyolazwa sakafuni, maua yakiwa siku njema na mawe yakiwa siku mbaya, kisha mnalisimulia jiwe moja moja mpaka lipate tarehe yake. Napenda kuitaja tiba hii kwa sababu ilijaribiwa miongoni mwa wakimbizi kwenye makazi ya Nakivale, Uganda, na watoa tiba walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo. Kuhusu dawa, sertralini na paroksetini huandikwa kwa tatizo hili. Vidonge vya kutuliza vya jamii ya benzodiazepini ni vya kuuliza maswali mengi kabla ya kumeza, maana mwili huvizoea.

Pa kuanzia hutegemea nchi. Uingereza, upande wa England, mtu mzima anaweza kujiandikisha mwenyewe kwenye NHS Talking Therapies, huduma ya umma ya tiba ya mazungumzo, bila kupitia kwa daktari, na ni bure; kozi ya kiwewe kwa kawaida ni vikao 8 hadi 12. Marekani, piga namba iliyo nyuma ya kadi ya bima uulize wataalamu wa kiwewe wanaokubaliwa na bima hiyo. Ukiwaza kujiua, usingoje miadi: Marekani na Kanada piga 988, Uingereza piga 116 123.

Sasa mkalimani, na hapa nitakaa kidogo. Omba mkalimani wa kitaalamu tangu unapopanga miadi, hata kama Kiingereza chako ni kizuri cha kazini. Kuagiza vifaa na kusema kilichokupata usiku ule si Kiingereza kimoja. Usimpeleke mwanao akutafsirie, kabisa. Wala shemeji. Jamii yetu huku ni ndogo, na hofu kwamba habari itafika msibani au harusini kabla hujafika nyumbani ni hofu ya haki. Kwa hiyo sema wazi unataka mkalimani wa simu kutoka mji mwingine, mwanamke au mwanamume utakavyo, na jina lako lisitajwe. Kama asili yake inakutia wasiwasi, kwa kabila au upande wa vita, lisemee hilo pia bila haya.

Mtaalamu wa kwanza asipokufaa, badilisha. Wa kwanza wangu alitumia vikao vitatu kuniuliza nchi yetu ikoje. Siku hizi ningemuuliza mapema: umewatibu wangapi wenye kiwewe, unatumia tiba gani, tutapimaje kama napata nafuu, na ni mambo gani unalazimika kuyatoa nje ya chumba hiki? Kwa kawaida ni hatari kwa uhai wako, wa mwingine, au wa mtoto. Na kama una kesi ya kuomba hifadhi ya ukimbizi, tofautisha mtu anayekuandikia ripoti ya kumpa wakili na mtu anayekutibu. Kazi ni mbili.

Kumtafuta mtaalamu wa nyumbani kwa video kunavutia, lugha inateleza. Ila Marekani kwa kawaida anatakiwa awe na leseni ya jimbo ulilopo, na ukizidiwa usiku hawezi kukuitia gari la wagonjwa.

Wiki za kwanza ndoto zinaweza kuzidi. Mwambie mtaalamu, usikimbie. Usipange zamu ya usiku siku ya kikao, na ukishindwa kwenda piga simu mapema, kwa sababu huduma nyingi zinaweza kukufuta kwenye orodha ukikosa vikao bila taarifa, na foleni unaianza upya.