Kuchemsha Mayai Yaive Vizuri Mbeya

Jijini Mbeya, ambako mwinuko ni takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka yanapofikia nyuzijoto 94 hivi badala ya 100, na kwa sababu hiyo dakika 10 zinazotosha Dar es Salaam huku zinaweza kuacha kiini kikiwa laini katikati.

Chemsha maji kwanza, kisha tumbukiza mayai taratibu kwa kijiko, kwa kuwa yai linaloanzia kwenye maji ya moto humenyeka kwa urahisi kuliko lililoanzia kwenye maji baridi. Punguza moto, ukitumia jiko la mkaa, ondoa vipande viwili vitatu, maana maji yanayotokota kwa nguvu huyagonganisha mayai na kuyapasua. Hesabu dakika 13 hadi 15. Ukizidisha mno, kiini huzungukwa na rangi ya kijani, ambayo haina madhara ingawa haipendezi.

Yahamishie mara moja kwenye maji baridi, na kwa baridi ya Julai maji ya bomba yanatosha bila barafu. Mayai yaliyotagwa siku hiyo hiyo husumbua kumenya. Mimi huyaachia ya kukaanga.