Kuchagua ubao mama unaokubali programu dhibiti huria

Anayetaka kompyuta inayowaka kwa coreboot au Libreboot, programu dhibiti huria, badala ya BIOS (programu ya kwanza kufanya kazi kompyuta inapowashwa) iliyotoka nayo kiwandani, hana budi kuuchagua ubao mama (motherboard) kabla ya kitu kingine chochote, kwa kuwa ramu, diski na hata prosesa hubadilishwa baadaye bila shida. Programu hizi haziingii katika kila ubao. Mradi wa coreboot, ulioanzishwa na Ron Minnich mwaka 1999 katika maabara ya Los Alamos nchini Marekani kwa jina la LinuxBIOS, huandikiwa kila ubao peke yake, na ubao usiokuwemo katika orodha yake haufai hata kama unafanana sana na uliomo.

Kwa hiyo soma orodha hizo nyumbani kabla ya kwenda dukani, na jina la ubao lilingane herufi kwa herufi. Gigabyte GA-G41M-ES2L, kwa mfano, umo katika orodha ya Libreboot na hutumia ramu ya DDR2, ilhali GA-G41MT-S2 ni wa DDR3 na ni ubao mwingine kabisa. Maandishi hayo huchapwa juu ya ubao wenyewe, mara nyingi katikati ya nafasi za kadi, kwa hiyo mwombe muuzaji afungue kasha, ukiwa na tochi ya simu. Kompyuta ikiwa inawaka, iwashe kwa flashi yenye Linux kisha uandike sudo dmidecode -t baseboard, na jina litatokea.

Kikwazo kikubwa zaidi ni Boot Guard, kinga ambayo Intel ilianza kuitoa na prosesa za kizazi cha nne, Haswell, mwaka 2013. Mtengenezaji akiiwasha, ufunguo wake huchomwa ndani ya chipu moja kwa moja, na kuanzia hapo ubao hukataa programu dhibiti yoyote isiyo na sahihi yake ya kidijitali. Ndiyo maana upya wa ubao si sifa katika jambo hili, ingawa wapo wachache wa kisasa, kama MSI PRO Z690-A unaotumia Dasharo, programu dhibiti iliyojengwa juu ya coreboot, ambao nao bado unahitaji vipande vya programu funge vya Intel.

Kwa mnunuzi wa Mwanjelwa jijini Mbeya au Iringa mjini, ushauri wangu ni kutafuta kompyuta ya ofisi iliyokwisha kutumika kuliko kuagiza ubao mpya, maana unauona na kuushika kabla ya kulipa. Dell OptiPlex 9020 ni chaguo zuri: ni Haswell, lakini haikufungwa kwa Boot Guard, na ina jampa ya huduma, yaani pini ndogo za kuunganisha kwenye ubao, inayoruhusu kuandika programu mpya kutoka ndani ya Linux. Chukua umbo la MT (kasha la mnara) au SFF (kasha dogo). Ile ndogo kabisa ya Micro ina ubao tofauti. Hata hapa Intel ME, programu funge ya Intel inayofanya kazi yenyewe ndani ya ubao, haiondoki yote, bali hupunguzwa tu, na asiyeridhika na hilo arudi kwenye GA-G41M-ES2L, akubali mwendo wake wa kizee.

Angalia pia chipu inayohifadhi BIOS, kwa sababu uandishi ukiharibika utaifikia kwa kibanio kutoka nje. Yenye miguu minane iliyo wazi pembeni ni rahisi kubanwa. Jihadhari na kifaa cheusi cha kuandikia chipu, CH341A, kinachouzwa kwa bei poa: aina yake ya kawaida hupeleka volti 5 kwenye nyaya za data, huku chipu nyingi zikihitaji 3.3.

Kabla ya kuandika chochote, nakili yaliyomo katika chipu mara mbili, ulinganishe nakala hizo, na ukiona zinalingana uihifadhi moja nje ya kompyuta hiyo. Kazi yenyewe ifanyike kwa UPS, hasa kati ya Novemba na Aprili, radi za Rungwe na Mbeya zinapokata umeme bila taarifa.