Jinsi ya kuchagua msimbo wa ICD-10 seli nyekundu za damu zinapozidi

Nawaandikia wenzangu wa kumbukumbu za afya hapa Nakuru na kaunti jirani, hasa mnaoanza kazi. Katika ICD-10, yaani orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, msikimbilie D45 kila mnapoona hemoglobini ya juu. D45 ni polisithemia vera, yaani ugonjwa wa uboho wa mifupa kutengeneza seli nyekundu kupita kiasi, nayo imo katika sura ya uvimbe na saratani. Ukimwandikia mtu asiyeugua, jina hilo litamfuata kila aendako kutibiwa.

Hatua ya 1: Soma alichoandika daktari kabla ya karatasi ya maabara. Hemoglobini ya gramu 18 kwa desilita ni matokeo tu, haijawa ugonjwa. Kama hakutaja ugonjwa, mrudishie faili.

Hatua ya 2: Tafuta chanzo. Polisithemia vera huanzia kwenye uboho, na karibu wagonjwa wake wote wana badiliko katika jeni ya JAK2. Daktari akiithibitisha, weka D45.

Hatua ya 3: Chanzo kikiwa nje ya uboho, msimbo ni D75.1. Humu mna magonjwa ya mapafu na ya figo, upungufu wa maji mwilini na kuishi mwinukoni. Hili la mwinuko lituguse sisi, maana Molo iko zaidi ya mita 2,400 na hemoglobini ya wakazi wa huko hupanda kidogo bila ugonjwa wowote. Chukua mfano wa mzee wa Molo aliyevuta sigara miaka mingi, hematokriti (sehemu ya damu iliyo seli nyekundu) asilimia 54, na daktari ameandika polisithemia itokanayo na ugonjwa sugu wa kuziba mapafu. Weka J44.9, msimbo wa ugonjwa huo wa mapafu, pamoja na D75.1, inayotangulia ni ile iliyomleta hospitalini safari hiyo. Ukiiacha J44.9, umeficha kinachomuumiza.

Hatua ya 4: Ya kurithi katika familia ni D75.0. Ya mtoto mchanga ni P61.1.

Hatua ya 5: Kuwa makini na neno "inashukiwa". Kwa kanuni za WHO, ugonjwa unaoshukiwa tu hadi matibabu yanapoisha, pasipo ufafanuzi zaidi, huwekewa msimbo kana kwamba umethibitishwa. Ndiyo maana nasisitiza: muulize daktari kabla mgonjwa hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Akisema hajatambua ugonjwa wowote, ameona tu kasoro ya seli nyekundu, tumia R71. Mwombe aandike jibu lake kwenye faili, aweke tarehe na sahihi, ndipo uingize msimbo.